Kweli au uongo: manyoya ya Pomeranian

Joto likizidi, mnyoe apoe.

Uongo, na huu ndio unaoharibu mbwa wengi. Pomeranian, kijibwa cha kilo mbili tatu, ana manyoya ya tabaka mbili: chini mafupi, laini, yaliyosongamana, juu marefu, magumu kiasi, yaliyosimama. Mbwa hapoi kwa kutoka jasho mwili mzima kama sisi. Anapoa hasa kwa kutweta, ulimi nje, na mashine ya kunyolea haimsaidii kutweta. Inachofanya ni kuianika juani ngozi iliyozoea kivuli.

Halafu kuna kuota upya. Manyoya yaliyonyolewa hadi karibu na ngozi yanaweza kuchukua miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, na yakirudi huenda yakawa ya sufisufi yenye mabaka. Jamii hii pia ina maradhi ya kupukutika manyoya yaitwayo alopesia X, ngozi ikabaki wazi na kuwa nyeusi. Mara nyingine mwenye mbwa huyagundua baada ya kunyoa, pale anaposubiri manyoya na hayarudi. Kwa jua la Mombasa au Dar es Salaam, mpe kivuli, maji na feni, na matembezi yawe alfajiri.

Basi mkasi usimguse kabisa?

Uongo pia. Kupunguza ncha, nyayo na sehemu ya haja ni usafi wa kawaida. Boo, Pomeranian wa Marekani aliyefariki mwaka 2019, alisifika kwa kukatwa mviringo mfupi, na hadi leo watu wanataka mbwa wao afanane naye. Picha haikuambii manyoya ya mbwa wako yataotaje.

Ukipitisha brashi juu akatuna, umemaliza.

Uongo. Fundo hujificha chini: nyuma ya masikio, kwapani, mapajani. Nyunyiza maji kidogo, maana manyoya makavu hukatika, kisha tenga mstari kwa mstari kama mama anayemsuka binti yake, ukichana kuanzia kwenye ngozi. Malizia na kitana cha chuma, kikikwama, bado.

Fundo hulainika kwa maji ya kuogea.

Hapana, hukaza. Chana kwanza, ndipo umwogeshe kwa shampuu ya mbwa, si yako. Mkaushe mpaka ngozini kwa hewa isiyo ya moto. Unyevu ukibaki ndani huleta harufu na vidonda.

Mtoto wa miezi mitano akinyonyoka, anaumwa.

Mara nyingi sivyo: anabadilisha manyoya ya utotoni, na kwa kweli huwa na sura ya kuchekesha. Ila akijikuna sana, akiwa na vidonda, au ikiwa ni mbwa mkubwa mwenye upara unaopanuka, apelekwe kwa daktari wa mifugo kabla hujanunua mafuta yoyote dukani.