KURAN YA KONI: INATOKA WAPI NA INAENDA WAPI?



Kila muhula watoto wa darasa za chini wanatuuliza sisi wakubwa swali moja: "Mashine za umeme ziko hapa Koni, waya zinapita juu ya vichwa vyetu, sasa juu ya nini watu wengi mu vijiji wanapika na makala na wanasoma na tochi?" Swali hii si ya kuchekesha. Wamoja wanajibu kwamba kuran yetu inaibiwa usiku. Wengine wanasema maji ikishapita mu mashine inatolewa nguvu yake, hata ukiinywa haikusaidii. Tumeona ni vizuri kuweka mambo waziwazi, kwa namna tulivyojifunza mu fizike na mu jiografia, ili kila mutu ajue ukweli na aweze kumujibu mudogo wake.

1. MUTO WETU

Lufira inaanzia kusini, upande wa mupaka wa Zambia. Inashuka kwenda kaskazini mpaka inaingia mu Lualaba, na Lualaba njo inakuwa muto Kongo. Maji inayopita Koni leo, siku moja itapita Kisangani na Kinshasa, itafika Inga, na mwisho itaingia mu bahari.

Kabla ya kufika kwetu, Lufira inakuta maporomoko ya Mwadingusha, ambapo inaanguka zaidi ya mita 100. Wakati wa Wabelgiji maporomoko hayo iliitwa Cornet, kwa jina la Jules Cornet, mutaalamu wa mawe aliyetembea Katanga mwisho wa karne ya 19. Wakubwa wa madini walihitaji nguvu kwa ajili ya shaba. Wakajenga baraji, na mu mwaka wa 1930 mashine za Mwadingusha zikaanza kuzunguka. Maji iliyozuiliwa ikajaa mu bonde, njo ile ziwa Tshangalele, tunakotoa samaki mpaka leo.

Maji ikitoka Mwadingusha haijamaliza kazi. Inaendelea kushuka, inafika Koni, na hapa inafanyishwa kazi mara ya pili. Santrale ya Koni ilianza mu 1950, wakati Likasi ingali inaitwa Jadotville. Ilijengwa na mashine 3, kila moja ya megawati 14. Jumla ni megawati 42.

2. MAJI INAFANYA NINI?

Mu maji yenyewe hamuna kuran iliyofichwa. Kitu kinachotakiwa ni uzito wake na muanguko wake. Maji inafungwa mu tuyo kubwa ya chuma, inashuka kwa nguvu, inapiga turbini. Turbini ni kama gurudumu lenye makasia. Gurudumu likizunguka, linazungusha pia alternatere, na ndani yake sumaku inazunguka karibu na nyuzi za shaba. Mu 1831 Mwingereza Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikitembea karibu na waya, kuran inazaliwa mu ile waya. Kanuni ni hiyo tu, hata kwa mashine kubwa namna gani.

Tufanye hesabu ndogo. Meta kube moja ya maji ina kilo 1,000. Kama kila sekonde meta kube moja inaanguka mita 10, nguvu yake ni 1,000 × 9.8 × 10, ni kusema wati 98,000. Mashine zinapoteza sehemu, tuseme zinabaki wati 80,000. Hiyo inaweza kuwasha ampula za wati 60 zaidi ya 1,300, ao ampula za kisasa za wati 10 zipatazo 8,000. Basi mambo mawili njo yanahesabiwa: wingi wa maji na urefu wa muanguko. Juu ya hiyo Inga inashinda zote: Inga I, ya mwaka wa 1972, ina megawati 351, na Inga II, ya 1982, ina 1,424. Kule muto Kongo wote unapita.

Na ile maji ikitoka chini ya turbini, imeacha mwendo wake tu. Haikupoteza chumvi yake wala ladha yake. Samaki wanaishi mule, mashamba inanywa. Wenye kusema kwamba ni maji iliyokufa wanakosea. Lakini kunywa maji ya muto bila kuchemsha ni hatari, turbini ikuwe ao isikuwe, kwa sababu ya kipindupindu na magonjwa mengine ya tumbo.

3. SASA JUU YA NINI WAYA INATUPITA?

Hapa njo panauma, na tunaomba musome polepole.

Waya ikisafirisha kuran inapata moto, na ule moto ni kuran inayopotea njiani. Kuran ikipunguzwa mara 10 mu waya, hasara inapunguka mara 100. Juu ya hiyo transforma ya santrale inapandisha volti sana, mpaka volti 120,000 na zaidi, ili amperi zikuwe kidogo. Namna hii kuran inafika mbali bila kuisha njiani.

Lakini nyumba yetu inatumia volti 220. Kama mutu anatundika waya yake kwenye zile nyaya kubwa, hapati mwanga, anapata kifo. Ili kijiji kipate kuran, lazima kwanza kituo cha kushusha volti, kisha nguzo na waya za kati, kisha kabine ndogo, kisha kompteri mu kila nyumba. Kile kituo cha kwanza ni cha bei kubwa sana. Kwa kiwanda kimoja kinachotumia kuran muchana na usiku, feza inarudi haraka. Kwa kijiji cha nyumba 200, zenye ampula mbili mbili, feza inachelewa kurudi.

Tena tukumbuke zilijengwa kwa nani. Kusafisha tani moja ya shaba kwa kuran, sawa vile wanafanya Shituru pale Likasi, inaomba karibu kilowati-saa 2,000. Mashine za Mwadingusha, Koni, Nzilo na Nseke zilijengwa zote kwanza kwa ajili ya madini. Kijiji hakikuwa mu mupango. Hata mu miaka ya karibu ni vile: mashine 6 za Mwadingusha zilifanywa upya na kumalizika mu 2021, kwa feza za kampuni ya shaba ya upande wa Kolwezi pamoja na SNEL. Hatusemi ni vibaya. Shaba inalipa mishahara, na mashine nzima ni bora kuliko mashine iliyokufa. Tunasema tu kwamba giza ya kijiji haitoke kwa wezi wa usiku ao kwa uchawi. Inatoka kwa hesabu na kwa uchaguzi wa watu. Mu inchi yetu yote, mu watu watano ni karibu mumoja tu anayepata kuran.

Na kitu kilichochaguliwa na watu kinaweza kuchaguliwa namna ingine. Sheria ya mwezi wa sita 2014 ilifungua mulango: SNEL haiko tena peke yake, wengine pia wanaweza kutengeneza na kuuzisha umeme. Mu Kivu ya Kaskazini, santrale ndogo ya Matebe, yenye megawati zaidi ya 13, ilifunguliwa mu 2015, na inapelekea kuran watu wa Rutshuru. Vile vile mashine ndogo mu kijito, ao panneau za jua juu ya nyumba ya masomo na ya dispansere, hazingojee ule waya mukubwa ushuke.

4. MUSITU NJO CHUNGIO LA KURAN

Tukingoja, tunapika na makala. Kilo 100 za miti kavu zinatoa makala kilo 10 mpaka 20 tu; zingine zinapotea mu moshi. Kuzunguka Likasi musitu umekimbia mbali, na baiskeli za makala zinatoka mbali zaidi kila mwaka.

Musikilize sasa namna mambo inashikana. Kwetu mvua inanyesha kwanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne, kisha kiangazi kirefu. Penye miti, maji inaingia mu udongo polepole na inatoka polepole, hata mu mwezi wa tisa. Penye miti imekatwa, mvua inakimbia juu ya udongo na inaubeba mpaka Lufira. Tshangalele si ziwa refu kwa chini. Matope ikijaa mule, nafasi ya maji inapunguka, na mwisho wa kiangazi turbini inakosa maji. Wajirani wetu wa Zambia waliona mu 2024: ukame ulishusha ziwa Kariba, na watu wakakaa saa nyingi kila siku bila umeme. Basi mwenye kukata muti kando ya muto juu ya kukosa kuran, anapunguza ile kuran anayoingojea.

Hasara ingine iko kwenye sahani. Vinkubala tunavyokula na bukari vinaishi juu ya majani ya miti ya musitu wetu, na bowa nyingi zinaota pamoja na mizizi yake. Hiyo ni nyama ya masikini, inajenga mwili wa mutoto. Muti ukienda, nayo inaenda.

5. TUFANYE NINI?

– Miti yetu mingi inachipuka tena kwenye kisiki. Kinachoua chipukizi ni moto wa mwezi wa tisa na wa kumi, wakati kila kitu kimekauka. Tusichome wakati ule.
– Tusikate miti ya kando ya muto na vijito.
– Babula ya udongo, yenye kufunika moto vizuri, inakula makala kidogo kuliko ya chuma tupu. Wenye mikono ya ufundi watengeneze na wafundishe wamama nyumbani.
– Waya ikianguka, musiikaribie, hata kama iko kimya. Mukae mbali, mufukuze watoto, muite wakubwa. Mutu akikamatwa na kuran nyumbani, kata kwanza kuran kwenye kompteri. Musimushike na mikono.
– Wenye kutoka mwisho mu darasa usiku wazime ampula. Hii si ombi, ni amri ya shule, na tutaandika majina.

Sisi wa darasa la mwisho tutaondoka kisha Egzetat. Kati yetu muna watakaosoma umeme, wengine kilimo, wengine sheria. Ile swali ya wadogo wetu haitajibiwa na gazeti. Itajibiwa siku mumoja wao atakaposimama mu kikao pale mupango wa waya unapoandikwa, na kuuliza: "Na kijiji kiko wapi mu karatasi hii?"

MASWALI YA KUJIPIMA
1. Meta kube 3 za maji zinaanguka mita 20 kila sekonde. Nguvu yake ni wati ngapi, kabla ya hasara?
2. Juu ya nini volti inapandishwa kabla ya safari ndefu?
3. Eleza kwa mistari mitano namna muti uliokatwa leo unaweza kuzima ampula kesho.

Majibu muyalete kwa kapita wa darasa mbele ya siku ya tano.