Dhana za "Orijino" na "Feki" katika Biashara ya Vipuri vya Injini: Ufafanuzi wa Tatizo la Ubora katika Gereji za Kinondoni na Temeke

Ikisiri

Makala haya yanafafanua tatizo la ubora wa vipuri vya injini za magari yanayofanyiwa matengenezo katika gereji za Kinondoni na Temeke, mkoani Dar es Salaam. Hoja kuu ni kwamba maneno mawili yanayotawala biashara hiyo, orijino na feki, hubeba kwa pamoja maswali matatu yaliyo tofauti: nani ana haki ya kutumia chapa iliyo juu ya kipuri, kipuri kinalingana kwa kiasi gani na mahitaji ya injini, na kipuri ni kipya au kimekwishatumika. Kwa kuwa maswali hayo hujibiwa kwa neno moja, mwenye gari hukosa taarifa anayoihitaji kabla ya kununua na hukosa msingi wa madai baada ya injini kuharibika. Makala yanapendekeza istilahi tano na namna ya kuzitumia katika risiti.

1.0 Utangulizi

Sehemu kubwa ya magari ya watu binafsi nchini Tanzania huingizwa yakiwa yamekwishatumika, hasa kutoka Japani. Injini zake huanza maisha ya pili zikiwa na miaka kadhaa ya kazi. Kwa sababu hiyo, kubadilisha filta, plagi, gasketi, ringi za pistoni au mkanda wa taimingi ni sehemu ya kawaida ya kumiliki gari.

Matengenezo hayo hufanyika kwa wingi katika maeneo ya makazi: Mwananyamala, Tegeta na Bunju upande wa Kinondoni, Tandika, Mbagala na Chamazi upande wa Temeke. Baadhi ya gereji zimesajiliwa. Nyingine ni zile ziitwazo gereji bubu, ambazo hufanya kazi bila usajili, mara nyingi kando ya barabara au chini ya mti. Vipuri vingi hufuatwa Kariakoo, hususani eneo la Gerezani, lililopo Wilaya ya Ilala. Umbali kati ya gereji na duka una athari zake. Mara nyingi mwenye gari hutoa fedha, fundi huenda dukani na sampuli ya kipuri kilichoharibika, na muuzaji hutoa maelezo kwa fundi peke yake. Mlipaji hupokea maelezo hayo yakiwa yamefupishwa kuwa neno moja: "hii ni orijino."

Makala haya ni ya kiufafanuzi. Yanatumia uchanganuzi wa sifa bainifu za maana kubainisha kinachobebwa na neno hilo, kisha yanalinganisha matokeo na kanuni za ufundi wa injini na sheria za Tanzania zinazohusu bidhaa.

2.0 Sifa tatu zilizofichwa katika neno moja

Sifa ya kwanza ni uhalali wa chapa. Kipuri chenye chapa ya kampuni ya magari kinaweza kuwa kimewekwa chapa hiyo kwa idhini ya mwenye chapa au bila idhini. Kisicho na idhini ni bandia, hata kama kimetengenezwa vizuri.

Sifa ya pili ni ulinganifu. Kipuri kinaweza kuwa na vipimo, malighafi na ustahimilivu unaohitajiwa na injini, au kikawa pungufu. Kilicho pungufu ni duni, hata kama chapa yake ni halali kabisa.

Sifa ya tatu ni upya. Kipuri kinaweza kuwa hakijawahi kufungwa katika injini, au kikawa kimetolewa katika gari jingine.

Sifa hizi hazitegemeani, na mfano wa plagi unatosha kulionyesha hilo. Kampuni ya Denso, iliyojitenga na Toyota mwaka 1949, hutengeneza plagi na sehemu nyingine zinazotumika katika magari ya Toyota, na pia huuza bidhaa zake katika boksi lenye chapa yake yenyewe. Plagi ya Denso ndani ya boksi la Denso haina jina la Toyota, lakini ni halali na inaweza kulingana kikamilifu na injini. Kwa upande mwingine, plagi iliyo ndani ya boksi lenye nembo ya Toyota inaweza kuwa imeghushiwa. Anayepima uorijino kwa jina la gari lililoandikwa kwenye boksi anaweza kuikataa plagi nzuri na kuichukua mbaya.

Matumizi ya neno orijino kwa vipuri vya mtumba huongeza utata. Silinda hedi iliyotolewa katika gari lililotumika Japani huitwa orijino kwa maana kwamba ilifungwa kiwandani. Maana hiyo ni ya kweli kuhusu asili ya kipuri, lakini haisemi lolote kuhusu hali yake ya sasa. Kinyume chake, kipuri mbadala kilichotengenezwa na kampuni isiyohusiana na mtengenezaji wa gari, kikauzwa kwa jina lake halisi, huitwa feki kwa sababu tu bei yake ni ndogo. Hivyo, neno feki humtia hatiani mtu asiyeghushi chochote, na neno orijino humkinga muuzaji ambaye bidhaa yake imechakaa.

3.0 Kwa nini utata huu una madhara zaidi katika injini

Vipuri vya nje, kama taa au bampa, hukaguliwa kwa macho. Vipuri vya ndani ya injini haviko hivyo: sifa zinazoamua ubora wake hazionekani, na upungufu wake hujitokeza baada ya muda.

Filta ya oili ni mfano wa kwanza. Ndani ya kopo lake mna karatasi ya kuchujia, vali inayoruhusu oili kupita karatasi inapoziba, na katika filta nyingi mna mpira unaozuia oili kurudi chini injini inapozimwa. Mpira huo ukiwa dhaifu, oili hushuka usiku kucha, na asubuhi injini huzunguka kwa muda mfupi kabla shinikizo la oili halijafika kwenye beringi za krankshafti. Uharibifu wa siku moja ni mdogo mno kuonekana. Uharibifu wa miezi kadhaa huishia katika kile mafundi wanachokiita injini kunoki. Wakati huo filta husika imekwishatupwa, boksi halipo, na hakuna anayekumbuka ilinunuliwa duka gani.

Mfano wa pili ni mkanda wa taimingi. Katika injini nyingi za Toyota zinazotumia mkanda, badala ya mnyororo, muda wa kuubadilisha ni takriban kilomita 100,000. Mpira huzeeka kwa joto, kwa oili na kwa umri. Kwa hiyo, mkanda uliotolewa katika injini ya mtumba unaweza kuwa na chapa halali na vipimo sahihi, na bado usifae. Katika injini ambazo pistoni na vali hugongana mwendo wao unapopishana, kukatika kwa mkanda huo hupinda vali na kulazimu silinda hedi kufunguliwa.

Kwa krankshafti hali ni tofauti. Chuma hicho kikiwa cha mtumba kinaweza kupimwa kwa mikrometa, kikakerezwa, kisha kikafungiwa beringi za saizi inayofuata, kwa mfano 0.25 au 0.50 ya milimita. Hapa upya si sifa ya lazima. Ulinganifu ndio unaoamua. Kutokana na mifano hii inabainika kwamba uzito wa kila sifa hutegemea aina ya kipuri. Kwa mpira na gasketi, upya hutangulia. Kwa chuma kinachopimika, vipimo hutangulia. Neno moja haliwezi kubeba tofauti hiyo.

4.0 Neno feki kama kimbilio la ufundi mbaya

Si kila injini inayorudi gereji imeharibiwa na kipuri. Gasketi ya silinda hedi inapoungua wiki chache baada ya kubadilishwa na gari likaanza tena kuchemsha, maelezo ya kwanza yanayotolewa huwa kwamba gasketi ilikuwa feki. Maelezo hayo yanaweza kuwa ya kweli. Hata hivyo, matokeo hayohayo hutokea iwapo uso wa silinda hedi uliopinda haukupimwa kwa rula nyoofu, iwapo boliti zilikazwa bila kufuata mpangilio na nguvu iliyowekwa na mtengenezaji, au iwapo chanzo cha kuchemsha, kama vile thamostati iliyokwama, hakikuondolewa. Katika injini nyingi, kupinda kunakoruhusiwa kwa uso huo hakuzidi sehemu ya kumi ya milimita, kiasi ambacho jicho haliwezi kukibaini.

Neno feki, kwa hiyo, hufanya kazi ya kijamii: huihamisha lawama kutoka kwa fundi aliyepo kwenda kwa muuzaji asiyekuwepo. Muuzaji naye huirudisha kwa fundi. Pale ambapo fundi amejiongezea cha juu katika bei ya kipuri, ana sababu nyingine ya kutotaka boksi na risiti vionekane. Mwenye gari hubaki kati ya pande mbili, akiwa amelipa gharama ya kipuri na ya kazi, na anatakiwa kulipa tena.

5.0 Sheria inauliza maswali gani?

Sheria za Tanzania hutenganisha mambo ambayo lugha ya gereji huyaunganisha. Uhalali wa chapa unahusu Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, Sura ya 85, ambayo usimamizi wake uko chini ya Tume ya Ushindani (FCC). Ulinganifu na viwango unahusu Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililoanzishwa mwaka 1975 na linaloendesha kazi zake sasa chini ya Sheria ya Viwango Na. 2 ya mwaka 2009. Ahadi iliyotolewa kwa mnunuzi inahusu Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inayotaka bidhaa ilingane na maelezo yake na, katika mazingira yaliyoainishwa, ifae kwa kusudi ambalo mnunuzi alimweleza muuzaji. Aidha, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha.

Mlalamikaji anayesema tu kwamba aliuziwa feki hajasema kama chapa imeghushiwa, kama bidhaa haikidhi kiwango, au kama aliahidiwa kipya akapewa mtumba. Kila dai kati ya hayo lina ushahidi wake. La kwanza linahitaji kipuri chenyewe na boksi. La pili linahitaji upimaji. La tatu linahitaji maandishi ya kile kilichoahidiwa. Risiti ya mashine za kielektroniki (EFD), zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010, huthibitisha kwamba mauzo yalifanyika. Lakini risiti iliyoandikwa "spea" pekee haithibitishi ni kipuri gani kiliuzwa.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala yameonyesha kwamba tatizo la ubora wa vipuri vya injini lina sehemu ya kiufundi na sehemu ya kiistilahi, na kwamba ya pili huzuia ya kwanza kushughulikiwa. Yanapendekezwa yafuatayo.

Kwanza, zitumike istilahi tano zinazotenganisha sifa zilizobainishwa: kipuri cha chapa ya gari, kwa kile chenye idhini ya mtengenezaji wa gari, kipuri mbadala, kwa kile kinachouzwa kwa jina halisi la mtengenezaji mwingine, kipuri bandia, kwa kile chenye chapa ya kughushi, kipuri duni, kwa kile kisichokidhi mahitaji ya injini, na kipuri mtumba, kwa kile kilichokwishatumika. Istilahi mbili zinaweza kuhusu kipuri kimoja, kwa kuwa zinajibu maswali tofauti. Maneno haya yote yamo tayari katika Kiswahili. Kinachohitajika ni kuyawekea mipaka, kazi ambayo Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) lina mamlaka ya kuisimamia.

Pili, risiti ya kipuri cha injini itaje jina la mtengenezaji, namba ya kipuri, na iwapo ni kipya au mtumba. Taarifa hizo tatu zinatosha katika mstari mmoja.

Tatu, vyuo vya ufundi, kikiwemo chuo cha VETA kilichopo Chang'ombe, Temeke, vifundishe istilahi hizi pamoja na desturi ya kumkabidhi mwenye gari boksi na kipuri kilichotolewa. Fundi aliyepima, akaandika na kukabidhi hana haja ya kujificha nyuma ya neno feki, na mwenye gari huwa na kitu cha kushika mkononi anapokwenda kudai haki yake.