Somo la Redio: Kuyanasa Makosa ya Kompyuta

MWALIMU: Fungueni madaftari yenu. Leo tutajifunza jinsi ya kuyanasa makosa ya kompyuta.

Tuseme chama cha ushirika kina ukurasa wa intaneti ulioandikwa kwa PHP. Kila jioni karani hubonyeza kitufe. Programu, kwa kutumia shell_exec, huiamuru kompyuta inakili daftari la wanachama liwekwe akiba. Amri ni hii:

cp daftari.txt akiba/

Siku moja nafasi ya akiba inajaa. Daftari halinakiliwi. Lakini karani haoni neno lo lote, naye anakwenda zake nyumbani.

MWANAFUNZI: Mbona kompyuta haikusema, Mwalimu?

MWALIMU: Ilisema, bibi, ila haikusikiwa. Kila amri ina mifereji mitatu. Namba 0 huingiza maneno. Namba 1 hutoa majibu. Namba 2 hutoa makosa. Sasa shell_exec husikiliza namba 1 peke yake. Tena cp ikifaulu hunyamaza pia. Basi kufaulu na kushindwa vikafanana.

MWANAFUNZI: Kwa nini mifereji ilitengwa?

MWALIMU: Ilitengwa huko Marekani, katika maabara ya Bell, miaka ya 1970, katika mfumo wa kompyuta uitwao Unix. Kwanza makosa na majibu yalipita pamoja. Watu walipeleka hati zao kwenye mashine ya kupangia chapa, wakakuta yamechapwa makosa badala ya hati. Kazi ikapotea bure. Ndipo mfereji wa makosa ukachimbwa.

MWANAFUNZI: Basi, tufanyeje?

MWALIMU: Mwandishi wa programu aongeze alama hizi mwishoni:

cp daftari.txt akiba/ 2>&1

Maana yake: mfereji namba 2 umwagike pale unapomwagika namba 1. Sasa makosa yatafika mkononi mwa programu. Tena ni vyema kutumia exec, kwa kuwa huleta na namba ya kumalizia: 0 ni salama, namba nyingine yo yote ni ishara ya hitilafu.

Lakini makosa yaandikwe katika faili ya karani, akaarifiwe. Wageni wa ukurasa wasionyeshwe, maana hufichua mambo ya ndani ya kompyuta.

Kumbukeni: kimya kingi kina mshindo mkuu.

MASWALI
1. Makosa hupita mfereji namba ngapi?
2. Kwa nini karani hakujua kwamba daftari halikunakiliwa?

Kwaherini, hata somo lijalo.