Mdundo wa Pumzi: Ubongo, Wimbo na Dawa ya Kupe

Morani aimbapo katika ngoma za Kajiado, kichwa chake huinama mbele anapotoa pumzi na kurudi nyuma anapoivuta. Olaranyani, kiongozi wa wimbo, hutangulia, na wenzake humwitikia kwa sauti nzito za kooni. Kwa muda huo pumzi huutii wimbo. Ngoma ikiisha, morani huisahau pumzi yake, nayo huendelea bila amri, takribani mara 12 hadi 20 kwa dakika, hata akiwa usingizini. Makala haya yanaeleza mdundo huo unatoka wapi, na ni nini kinachoweza kuunyamazisha.

Chanzo chake hakimo mapafuni. Mapafu hayawezi kujijaza hewa yenyewe. Hujazwa hasa na kazi ya kiwambo, msuli mpana ulio baina ya kifua na tumbo, ambao nao hungoja amri ya ubongo. Mwaka 1991, Jeffrey Smith, Jack Feldman na wenzao walionyesha, kwa kuchunguza panya wachanga, kwamba amri hiyo huanzia katika kikundi kidogo cha seli za neva kwenye shina la ubongo. Kikundi hicho huitwa pre-Bötzinger, kwa kuwa kiko jirani na kingine kilichopewa jina la mvinyo wa Kijerumani. Wanaisimu watakaokiundia istilahi ya Kiswahili wana uhuru wa kutosha!

Seli hizo huwasiliana kwa kemikali. Chache huanza kuamka na kumwaga glutameti, ambayo huchochea seli jirani. Hizo nazo huchochea nyingine, mithili ya kiitikio kinachopokewa, hadi kikundi kizima kinapaza ishara moja. Ishara hushuka kupitia uti wa mgongo, kiwambo hujikaza, hewa huingia. Kisha seli huchoka, ishara hukatika, kiwambo hulegea, hewa hutoka. Gaba na glisini, kemikali za kutuliza, husaidia kupanga zamu ili kuvuta na kutoa kusigongane. Kiswahili kimenasibisha pumzi na kupumzika, ilhali kikundi hiki hupumzika kwa nukta chache tu.

Mofini ikizidi huzituliza seli hizo kupita kiasi, na mtu hufa bila pafu kujeruhiwa. Hata hivyo, katika mashamba ya Kitengela na maboma ya Kajiado iko hatari iliyo karibu zaidi. Baadhi ya dawa za kuulia kupe na wadudu ni za jamii ya oganofosfeti, ambazo hupenya ngozi na pia huvutwa puani. Hukizuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali inayotumiwa na ubongo na pia na neva zinazoamrisha misuli. Asetilikolini ikirundikana, mdundo wa pumzi huvurugika, kiwambo hutetemeka kisha hulegea, na njia ya hewa hujaa ute.

Mchungaji aliyenyunyizia ng'ombe dawa bila kinga huanza kutokwa na mate, machozi na jasho, mboni zikisinyaa kama ncha ya sindano. Si mafua hayo. Hospitalini, atropini huikabili asetilikolini ubongoni na kwenye tezi, lakini haiurudishii msuli nguvu. Huenda mgonjwa akahitaji mashine ya kumpumulia. Wakati akitafutiwa gari, nguo zilizolowa dawa huvuliwa na ngozi huoshwa kwa sabuni na maji mengi, naye anayemwosha akiwa amevaa glavu.