Maua ya Shaba na Bustani ya Lengalenga

Kwenye mkutano wa koperative moja ya wamama wenye kulima mboga upande wa magharibi wa Lubumbashi, mama mmoja alisimama akaniambia: "Agronome, tumesikia kuna miti yenye kula shaba. Mutuletee mbegu. Tutapanda mwaka moja, mwaka wa pili udongo itakuwa safi." Wengine wakapiga makofi. Mimi pia ningependa kupiga makofi, lakini jibu nililokuwa nalo si tamu. Niliahidi kuliandika hapa, ili koperative zingine nazo zisome.

Kwanza, mimea ya namna hiyo iko kweli, na sisi watu wa Katanga tunakaa karibu nayo kuliko watu wengi wa dunia. Kwenye vilima vya shaba, pale miti mikubwa inakataa kuota, utaona majani mafupi na maua madogo ya rangi ya zambarau. Moja lao wataalamu wanaliita Haumaniastrum katangense. Ni jamaa moja na lumba-lumba. Watafuta madini walilifuata miaka mingi: pale linaota kwa wingi, chimba, utakuta shaba. Linaota hata pale mababu zetu walikuwa wanayeyusha shaba, karne nyingi mbele ya wazungu kufika, na wachunguzi wa mambo ya kale walilifuata ili kuvumbua mahali pa tanuru zao.

Sasa sikieni hii. Kwa muda mrefu wataalamu walipima majani ya maua hayo wakakuta shaba mingi ajabu. Wakaandika kwamba mmea huu unakula shaba kupita kiasi. Baadaye wengine walirudi, wakaosha majani vizuri mbele ya kupima, na hesabu ikashuka sana. Sehemu kubwa ya ile shaba haikuwa ndani ya jani. Ilikuwa vumbi juu yake. Muweke hilo akilini, tutarudi kwake tukifika kwenye sahani ya bukari.

Tufanye hesabu pamoja, maana hesabu njo inatoa ndoto. Hekta moja ya udongo, kwenda chini sentimita 20, ina uzito wa karibu tani 2,600. Tuseme kila kilo ya udongo ina gramu 1 ya shaba. Kwa bustani yenye kupokea vumbi la kiwanda hicho si kitu cha kushangaza. Basi hekta ile imebeba kilo 2,600 za shaba. Panda mmea wa kawaida, vuna tani 5 za majani makavu, na kila kilo ya majani ina miligramu 100 za shaba. Umetoa nusu kilo. Ili kutoa kilo 2,000 utahitaji mavuno 4,000. Hata ukipata mmea wa ajabu, wenye kubeba mara kumi zaidi, na ukue mkubwa sawa ule wa kwanza (kwa kawaida ile ya ajabu ni midogo, inafika magotini), bado ni miaka 400. Na kiwanda kikiendelea kutupa moshi, unafagia nyumba mlango wazi kwenye upepo.

Sisemi njia hiyo ni uongo mahali pote. Kwa nikeli inawezekana: kule Albania, Ulaya, watafiti wamevuna karibu kilo 100 za nikeli kwa hekta moja kwa mwaka, kwa mmea wa asili ya kwao. Lakini shaba si nikeli. Mtu akikuletea mbegu za alizeti akisema zitasafisha shamba lako kwa miaka miwili, mumuombe kwanza afanye hesabu ile ya juu mbele yenu.

Nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nilianguka humo. Nikiwa mpya kazini nilipandisha alizeti kwenye kipande kichafu, ikaota vizuri, tukafurahi. Halafu nikawaambia wakulima wakate mabua watupe kwenye shimo la mboji. Mboji ile ikarudi kwenye vitanda vya mboga. Kwa hiyo kile kidogo tulichotoa kwa mkono wa kuume, tulikirudisha kwa mkono wa kushoto. Hakuna mtu alinikosoa. Niligundua mwenyewe, nikaenda kuwaeleza, na haya yake bado ninayo.

Basi mmea unafaa nini? Unafaa kufunga. Kiwanda cha Lubumbashi kilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na upepo wetu mara mingi unatoka kusini-mashariki, kwa hiyo moshi wake ulianguka upande wa magharibi na kaskazini-magharibi. Mtaa wa Penga Penga unajua habari hiyo: kuna mahali udongo ulibaki uchi, mvua ikija inauchukua, kiangazi kikija unapanda hewani. Pale, watafiti wa agronomia wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walijaribu kuweka chokaa na mboji, halafu wakapanda majani ya asili ya vilima vya shaba. Moja, Microchloa altera, lilivumilia vizuri kuliko mengine. Shaba haikuondoka. Lakini pale majani yanafunika, vumbi halipandi, na pale chokaa imepunguza uchachu wa udongo, shaba haiyeyuki kwa urahisi, mizizi haiinywi sana.

Kwa bustani zetu, maana yake ni hii. Pale pachafu kabisa, acheni kulima chakula; funikeni kwa majani au miti iliyopandwa ndani ya mashimo yenye kujazwa udongo mzuri, na mbuzi wasichungwe hapo. Pale pa katikati, wekeni chokaa na samadi mingi. Katanga hatukosi mawe ya chokaa, Kakontwe karibu na Likasi yanachimbwa tangu zamani. Lakini mupime kwanza uchachu wa udongo, maana chokaa ikizidi nayo inaumiza mimea. Majivu ya jiko yanasaidia pia, kama kuni hazikutoka mahali pachafu.

Halafu vumbi. Lengalenga, matembele na mboga zingine za majani zinakamata metali kuliko nyanya au punje za mahindi, ndani ya jani na juu yake. Muoshe kwa maji safi, mara mbili au tatu, si kwa maji ya mto yenye kutoka mgodini. Kuosha kunaondoa vumbi. Risasi na kadimiamu zilizokwisha kuingia ndani ya jani haziondoki, hata mupike mpaka jioni, na hizo njo zinaumiza watoto kuliko shaba yenyewe.

Wamama wa koperative ile wamekubali vitanda vya kandokando ya barabara visipandwe lengalenga tena, vipandwe mahindi. Lakini yule mama aliyeniuliza swali alisimama mara ya pili: lengalenga inampa pesa kila wiki tatu, mahindi mara moja kwa mwaka, na shule ya watoto haingoji. Sikuwa na jibu la siku ile. Tumepatana kutafuta kipande kingine mbali na njia ya moshi, tugawane kodi yake, na kupeleka udongo wake kupimwa mbele ya mbegu hata moja kuingia.