Kufundisha Kuoza kwa Majani: Bakteria Wafunguao Pete

Mwalimu akiuliza darasani, "Bakteria ni nini?", hujibiwa mara moja: "Ni vijidudu viletavyo magonjwa." Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Mtoto akiondoka shuleni nalo peke yake atadhani kwamba kila kijidudu ni adui. Somo la kuoza kwa majani lampa mwalimu nafasi ya kufundisha nusu iliyobaki.

Tuchukue mfano wa Yakobi, Njombe. Nyanda hizi za baridi zina miwati na mipaini mingi. Kampuni ya Tanganyika Wattle ilianzishwa mwaka 1949, na kazi yake moja ilikuwa kupata tanini ya kutengenezea ngozi kutoka magome ya miwati. Majani na magome huanguka mwaka hadi mwaka. Mbona msitu haujazikwa na taka zake wenyewe?

Ugumu wa chakula

Ubao hupata ugumu wake kutokana na lignini. Lignini na tanini zimejengwa kwa pete, yaani atomi sita za kaboni zilizoshikana kwa duara, umbo ambalo August Kekulé alilieleza mwaka 1865. Pete hiyo ni imara sana, na viumbe wengi hawawezi kuivunja. Kuvu ndio hasa waanzao kuipasua lignini. Kisha bakteria wa udongoni, kama vile Pseudomonas putida, huvila vipande vidogo.

Kazi ya vimeng'enya na jeni

Kimeng'enya ni protini iharakishayo badiliko la kikemia, nayo yenyewe isimalizike. Vimeng'enya vya kwanza huiandaa pete. Kingine huikata kwa kuiingizia oksijeni. Mwaka 1955 Osamu Hayaishi, mtaalamu wa Kijapani, na wenzake walithibitisha kuwa oksijeni hiyo hutoka hewani, si katika maji. Pete ikisha kufunguka huwa mnyororo, nao hukatwakatwa hata ukawa chakula cha kawaida. Wapo bakteria wafanyao kazi hiyo pasipo hewa, lakini kwa njia nyingine.

Maagizo ya kuunda kila kimeng'enya yamo katika jeni. Mara nyingi jeni hizo hutulia mpaka chakula husika kifike, ndipo zianze kazi. Nyingine bakteria huweza kumpa jirani yake: mwaka 1974 Williams na Murray walitoa ushahidi wa jeni za namna hiyo, zimwezeshazo bakteria kula tolueni, kimiminiko kimojawapo kilichomo katika petroli.

Hatua za somo

1. Wanafunzi sita washikane mikono kwa duara. Wao ni kaboni. Wawili wanaoshikana wavae utepe kuonyesha kuwa pete imeandaliwa. Mwanafunzi wa saba, kimeng'enya, alete wenzake wawili walio oksijeni. Wenye utepe waachane, kila mmoja ashikwe na oksijeni yake. Duara limekuwa mstari. Kimeng'enya abaki mzima, aende kwenye pete nyingine.

2. Jazeni makopo mawili majani na udongo wa msituni kwa kiasi kilekile. La kwanza litobolewe matundu, linyunyiziwe maji kidogo, na taka zigeuzwe kila juma. La pili lishindiliwe na kujazwa maji. Baada ya majuma manane linganisheni rangi, harufu na ulaini. Wote wanawe mikono kwa sabuni.

Mwalimu na awe mkweli: makopo hayaonyeshi pete wala kimeng'enya. Yanaonyesha tu kwamba hewa hubadili namna ya kuoza. Mchezo wa duara ndio ueleze sababu mojawapo. Asitarajie pia sindano za paini kwisha upesi, kwani baridi huchelewesha kuoza.

Hatimaye arudie swali la mwanzo. Mwanafunzi akijibu, "Wengine hutuletea maradhi, na wengine huurudishia udongo chakula chake," somo limefaulu. Naye ataelewa kwa nini majani ya uwanjani yafaa kupelekwa kwenye shimo la mboji badala ya kuchomwa moto.