Harufu ya Samaki Mjini Tarbaj



Tarbaj haina samaki. Ni mji mdogo wa kaunti ya Wajir, kwenye njia iendayo Mandera, na bahari i mbali nao sana. Ndiyo maana tulipomaliza swala ya Magharibi nyumbani kwa mwenyeji wetu, kisha tukasikia harufu ya samaki aliyeanza kuharibika, tulistaajabu. Sisi watu wa pwani harufu hiyo hatuikosei. Tulimwuliza kwa mzaha kama ametuandalia nguru. Akacheka, akasema, "Sheikh, huku kwetu kitoweo ni mbuzi na ngamia. Nguru atafika hapa amekwisha kuwa jivu."

Harufu haikutoka jikoni, bali ukutani. Kando ya mlango palikuwa na soketi moja, na katika soketi hiyo plagi ya friji ndogo pamoja na eksitensheni yenye simu za nyumba nzima na za majirani wawili. Tuliposogea tulisikia mlio mdogo, kama mafuta yanayokaangika mbali. Kisha ikaruka cheche ya buluu, na nyingine. Mwenyeji wetu hakushtuka hata kidogo. "Imezoea," alisema, akanyoosha mkono aigonge plagi kwa kiganja kama afanyavyo kila siku. Mkono wenyewe ulikuwa bado una maji ya udhu. Tukamshika kanzu.

Mgeni ana adabu zake, na moja katika adabu hizo ni kutoaibisha nyumba iliyomkaribisha. Tulilifikiri hilo kwa kitambo kidogo, tukaona kwamba adabu hiyo haifiki mahali pa kuwaacha watu walale na moto ukutani. Tulimwomba kwa upole aizime inveta, wala asiiguse ile plagi. Hapo akatoka mkewe kutoka chumba cha ndani, akasimama mbele ya friji. "Sheikh, tusamehe. Dawa ya ayeeyo imo humu."

Ayeeyo, yaani bibi mzaa baba, ana maradhi ya sukari. Friji ile ilinunuliwa kwa ajili ya insulini yake, na maziwa na maji baridi ni faida iliyofuata baadaye. Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa baina ya nyuzi 2 na 8 za selsiasi, na mchana wa Tarbaj hauijui baridi ya namna hiyo. Basi ikawa mama wa nyumba amewekwa baina ya mambo mawili: dawa ya mkwewe, au usalama wa watoto wanne waliokwisha kulala upande wa pili wa ukuta ule ule. Wengi wetu tunaowaambia watu "zima umeme, ndugu" hatujui ni kitu gani hasa tunawaomba wakizime.

Tulimwambia jambo tulilolijua: friji iliyofungwa, isipofunguliwafunguliwa, hubaki na ubaridi wake kwa muda wa kiasi cha saa nne. Baada ya hapo upo mtungi. Mtungi wa udongo uliolowanishwa, ukawekwa kivulini penye upepo, maji yake yanapokauka huondoka na joto, na ndani hubaki baridi kuliko nje. Haufiki ubaridi wa friji, lakini njia hii hushauriwa kwa watu wasio na umeme, nayo katika hewa kavu ya Tarbaj hufanya kazi vizuri kuliko Mombasa, ambako hewa imekwisha kushiba maji. Chupa za dawa hufungwa ndani ya mfuko usiopenya maji kwanza. Mama yule akatazama mtungi wa maji uliokuwa barazani, akasema, "Mtungi tunao." Mumewe akaizima inveta. Nyumba ikaingia giza, cheche zikakoma.

Twaandika haya kwa sababu soketi ya Tarbaj haina tofauti kubwa na soketi ya Lamu, Kilifi au Kisauni. Na ifahamike kwamba si kila cheche ni hatari. Ukichomeka plagi ya kifaa ambacho kimewashwa tayari, huweza kuonekana cheche moja ndogo, ikatoweka papo hapo. Hiyo ni ada. Kisicho ada ni cheche inayorudiarudia wakati plagi imetulia, mlio, soketi kuwa na joto ukiikaribia, doa la rangi ya kahawia au jeusi, na harufu ile ya samaki. Harufu hiyo hutoka katika plastiki za soketi na za waya zinapoanza kuungua kwa ndani. Aghalabu hutangulia moshi, na mtu anayeidharau huwa ameipuuza onyo ya kwanza.

Asili ya maradhi haya ni kulegea. Ndani ya soketi mna vibao vya shaba vinavyoibana miguu ya plagi, na nyuma yake mna skrubu zinazozibana waya. Vibao vikichoka au skrubu ikilegea, umeme hulazimika kuruka nafasi ndogo, na kuruka huko ndiko cheche. Mahali palipolegea hupata joto, joto huzidi kulegeza, na mambo huendelea kuharibika hivyo. Tena joto hilo haliongezeki kwa kadiri ya mzigo tu: mzigo wa umeme ukiwa mara mbili, joto la mahali pabovu huwa mara nne. Soketi zetu za Kenya zimefanywa kwa ampea 13, na kwa umeme wa volti 240 hizo ni kiasi cha wati 3,120. Birika la umeme na pasi juu ya eksitensheni moja huweza kuyapita hayo. Kugonga plagi kwa kiganja huonekana kama dawa, kumbe ndiko kunakozidi kuvilegeza vibao. Kule Tarbaj anayeongeza madhara ni vumbi. Huku kwetu ni chumvi ya bahari na unyevu wa kuta za mawe ya matumbawe, na aliyeishi Mji wa Kale anaijua kutu yake.

Cheche ikitokea, basi, usiguse soketi, plagi wala kifaa. Zima kwenye swichi kubwa ya nyumba, mkono ukiwa mkavu na miguu imevaa viatu. Kama swichi kubwa haifikiki bila ya kuupita moto, iache, watoe watu nje. Maji hayamwagwi kamwe kwenye moto wa umeme ambao haujakatwa, kwani maji huupitisha umeme hadi kwa mwenye ndoo. Mchanga mkavu hufaa kwa moto mdogo, na kizima moto cha unga hufaa zaidi. Na aliyenaswa na umeme hashikwi kwa mkono hata akiwa mwanao: kata umeme kwanza, na usipoweza kuukata, simama juu ya kitu kikavu umsukume kwa mti mkavu. Soketi ile haitumiki tena mpaka fundi aifungue.

Nyumba za sola zina hukumu yake peke yake, na mafundi wengi wa mitaani hawaieleza. Wajir haijaungwa na gridi ya taifa. Watu wake hutegemea majenereta na jua. Mradi wa serikali wa umeme wa jua ulioidhinishiwa fedha na Benki ya Dunia mwaka 2017 unazihusu kaunti 14, na humo zimo Wajir, Mandera na Garissa pamoja na Lamu, Tana River, Kilifi na Kwale. Kwa hivyo elimu hii ni ya wasomaji wetu pia. Umeme wa gridi au wa inveta hugeuka mwelekeo, na katika kugeuka huko hufika sifuri mara 100 kwa kila sekunde, kwa hivyo cheche yake hupata nafasi ya kufa. Umeme utokao kwenye paneli na betri hauna pumzi hiyo. Huenda upande mmoja tu, na cheche yake ikishika huweza kuendelea kuwaka mfululizo. Kwa sababu hiyo swichi ya kawaida ya ukutani haifai kutumiwa upande wa betri na paneli. Na mchana hata ukizima kila kitu, paneli iliyo juani bado ina umeme katika nyaya zake: hakuna awezaye kulizima jua.

Fundi alifika kutoka Wajir siku ya pili. Aliifungua soketi mbele yetu. Skrubu moja ilikuwa imelegea kabisa, na mpira wa waya umekauka kama ngozi ya mbuzi iliyosahauliwa juani. Katika plagi ya friji, mahali pa fyuzi, palikuwa na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara iliyokunjwa. Fyuzi huwekwa ili ife kabla ya nyumba, na aliyeweka karatasi ile, ambaye hatukuulizia jina lake, aliiondoa hata fursa hiyo. Betri nazo zilikuwa hazina fyuzi yoyote. Fundi wa sola nchini Kenya hutakiwa awe na leseni tangu kanuni za mwaka 2012, na leseni hizo leo hutolewa na EPRA. Kumwomba fundi akuonyeshe leseni si kumvunjia heshima.

Mwenyeji wetu aliuliza suala zuri alipokuwa akitazama haya: je, kuzima taa wakati wa kulala, jambo tulilousiwa na Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, lahusu umeme? Tulimkumbusha asili yake. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku na watu wake wakiwamo, na Mtume alipopewa habari akaueleza moto kuwa ni adui, akaamrisha uzimwe watu wanapolala. Katika riwaya ya Jabir imetajwa na sababu: panya huweza kuuburuta utambi akawaunguza wenye nyumba. Imamu Nawawi, ambaye sisi na ndugu zetu Wasomali sote twafuata madhehebu yake ya Kishafii, aliulizia hukumu kwenye sababu hiyo: kandili iliyotundikwa na kuaminika haina ubaya, na inayohofiwa kuleta moto imo katika amri. Kwa kipimo hicho friji yenye soketi nzima yaweza kukesha. Soketi inayotoa cheche, na simu iliyochomekwa ikafunikwa kwa godoro, zimo katika amri.

Gharama ilikuwa soketi mpya, fyuzi tatu, swichi ya betri na nauli ya fundi. Mwenyeji alitaka kulipa kidogo kidogo. Majirani wenye simu zao kwenye eksitensheni wakachanga. Friji ikawashwa tena kabla ya Adhuhuri, na simu zikahamishiwa soketi nyingine.

Ayeeyo alitoka baadaye kuangalia. Akaambiwa dawa yake imerudishwa kwenye friji. Akauelekea mtungi, akaugusa kwa kiganja, akamwambia mkwewe asiuondoe hapo barazani, na kila jioni alowanishe gunia lake.